Picha ya dhahania yenye rangi za kwetu: mbona inaishia kuonekana kama bendera?

Brashi_Namba6

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kiufundi.

Kazi ni picha tatu za dhahania zitakazotundikwa pamoja, kila moja sm 60 kwa 80, akriliki juu ya kitambaa. Mada ni hamu ya nyumbani, furaha, na ile hali ya mtu kuwa na kwao. Masharti: hakuna mnazi, hakuna ngalawa, hakuna mlango wa Zanzibar, hakuna sura ya mtu. Rangi na maumbo yabebe mzigo wote. Chanzo cha rangi ni kanga nne, mbili mpya na mbili zilizopauka kwa kufuliwa na kuanikwa.

Yanayokwama ni haya:

1. Rangi zikiwa kwenye kanga zinapatana. Nikizihamishia kwenye picha zinagombana. Nikizipanga vipande vipande inatoka bendera ya timu ya mpira. Furaha ipo kidogo, hamu haipo kabisa.
2. Nikichanganya rangi ili nipate zambarau au kijani, linatoka tope.
3. Rangi ikikauka inazidi kuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa mbichi.
4. Tepu ya karatasi inavujisha, mstari unatoka na meno.
5. Kitambaa kinalegea katikati.

La ziada: nikiandika jina la kanga kwenye picha, naharibu udhahania au la?

---

Doti_Mbili

Mkuu, namba 1 ndiyo picha yenyewe. Hizo nyingine ni ufundi na wenye nyundo watakuja.

Kwanza ujue kwa nini kanga haigombani. Kila rangi kwenye kanga inahitaji chapa yake kiwandani, kwa hiyo mbunifu anabana: kanga nyingi zina rangi chache tu, na weupe wa kitambaa unahesabiwa kama rangi mojawapo. Wewe umechukua kanga nne ukazimwaga zote kwenye picha moja. Hapo una rangi kumi na kitu zinazopigania kiti kimoja. Kanga moja, picha moja. Ya nne ibaki akiba.

Pili, vipimo. Chukua kanga ya kisutu, ile ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi tatu tu, na bado jicho halichoki. Siri ni kwamba hazigawani sawa. Ili uone hili kwenye kanga zako, piga picha ya kanga nzima kwa simu, weka juu yake gridi ya miraba 10 kwa 10, halafu hesabu kila rangi imeshika miraba mingapi. Utakuta kitu kama 55, 25, 15, 5. Bendera inatokea pale rangi tatu kali zinapopewa 33, 33, 33. Hiyo 5 ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake, usiinyime na usiiongeze.

Tatu, angalia kinachokaa katikati ya rangi mbili kali. Nyekundu na kijani zenye mwanga sawa zikigusana uso kwa uso, ukingo wake unatetemeka machoni. Kwenye kanga mara nyingi pana mstari mwembamba mweusi au mweupe unaozitenga, na wewe ukautupa kwa sababu uliona ni "mchoro" tu. Urudishe. Kwa picha ya sm 60 kwa 80, milimita 3 hadi 5 zinatosha. Au acha mstari, lakini ipandishe rangi moja iwe nyepesi kwa hatua mbili. Kupima: ipige picha kazi yako kisha iweke simu kwenye hali ya nyeusi na nyeupe. Kama maumbo mawili jirani yamegeuka kijivu kimoja, hapo ndipo ugomvi ulipo.

Sasa hamu. Wengi wanadhani hamu ya zamani ni kumwaga nyeupe kwenye kila rangi mpaka picha nzima iwe kama imepitiwa na ukungu. Hiyo inatoa picha ya zahanati. Kuna kitu cha kuangalia kwa karibu: ichukue kanga moja iliyopauka, ifumue upindo wa pembeni ulioshonwa. Ndani ya mkunjo, upana wa kidole tu, rangi bado ni ile ya siku ya kwanza. Nje waridi la ugoro, ndani nyekundu ndu. Jicho likiona hizo mbili pamoja linaelewa lenyewe kwamba kuna muda umepita. Rangi iliyopauka peke yake haisemi lolote, ni rangi nyepesi tu. Ikilazwa kando ya asili yake ndipo inakuwa kumbukumbu.

Kwa hiyo kwenye picha ya hamu: uwanja mpana wa rangi iliyopauka, sm 30 au 40, na ubavuni mwake mkanda wa sm 1 wa rangi ileile ikiwa kali. Usiweke mikanda mingi. Mmoja, labda na mwingine mfupi uliokatika.

Kupausha kwenyewe kuna kanuni. Nyeupe tupu inaifanya rangi ionekane baridi na yenye chokaa. Kitambaa kilichopigwa na jua kinapoteza ukali na wakati huohuo kinashika unjano kidogo. Jaribu hivi: nyekundu sehemu 2, nyeupe sehemu 3, njano ya udongo nusu sehemu, na kijani kiasi cha ncha ya kisu. Kijani kinavunja ukali wa nyekundu, njano ya udongo inarudisha joto lililoliwa na nyeupe. Kijani kikizidi utapata rangi ya ini, anza upya, usijaribu kuiokoa kwa kuongeza nyeupe.

Namna ya kusoma rangi ya kanga: ianike kivulini mchana, siyo chini ya taa. Toboa tundu la sm 2 kwenye kadi nyeupe, liweke juu ya rangi unayoitaka ili majirani zake wasikudanganye. Changanya, paka kwenye ukingo wa tundu, kausha kwa draya ya nywele, kisha ndipo ulinganishe. Bila kadi utaona kijivu cha kanga kama samawati kwa sababu tu kimezungukwa na rangi ya chungwa. Mchoraji Josef Albers alianza mwaka 1950 mfululizo wake wa miraba iliyo ndani ya miraba kuonyesha jambo hilihili, rangi moja ikibadilika sura kwa kubadilishiwa jirani. Na alipaka kwa kisu juu ya hadibodi, nyenzo ileile ambayo Edward Saidi Tingatinga alipakia rangi zake za kung'aa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Walitafuta mambo tofauti kabisa, ila ubao ulikuwa wa aina moja.

Kuhusu kuwa na kwao, hapo nakushauri utumie pindo. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne na mji katikati. Jina la "mji" halikuja bure. Umbo lolote ukiliweka ndani ya pindo linakuwa limefika, ukilitoa nje ya pindo linakuwa mgeni. Una picha tatu: pindo linaweza kuanza ukingo wa kushoto wa picha ya kwanza, likapita juu na chini ya zote, likafunga ukingo wa kulia wa picha ya tatu. Pengo la ukutani kati ya picha liwe sm 4 hadi 5. Likizidi 8 jicho linaacha kuliunganisha pindo.

---

Ncha_ya_Kisu

Namba 2 na 3.

Tope halitokani na mkono wako. Linatokana na tyubu. Geuza tyubu usome kodi ya pigimenti, herufi mbili na namba. Jina la mbele linaweza kuwa lolote. Kodi ndiyo inayokuambia kilichomo. Ukikuta kodi tatu au nne kwenye tyubu moja, hiyo tayari ni mchanganyiko, ukiichanganya tena na nyingine kama hiyo umeshafika kwenye tope kabla ya kuanza.

Kwa rangi za kanga nunua hizi:

PR122, magenta. Hii ndiyo watu wengi hawana, na ndiyo sababu zambarau zao zinakufa.
PR112, nyekundu yenye joto.
PB29, buluu inayoelekea zambarau.
PB15:3, buluu inayoelekea kijani. Kali mno.
PY74, njano.
PY42, njano ya udongo, ile aliyoitaja Doti_Mbili.
PW6, nyeupe. Chukua chupa kubwa.

Nyeusi nunua ukiwa na mistari ya kutenga tu. Usiitumie kutia kiza kwenye rangi.

Zambarau yako ilikufa kwa sababu ulichanganya nyekundu yenye unjano ndani yake na buluu yenye ukijani. Njano ikikutana na zambarau zinauana. Chukua PR122 sehemu 2, PB29 sehemu 1. Itaonekana nyeusi ti kwenye sahani, usiogope, hizo rangi mbili zinapitisha mwanga. Tia nyeupe kidogokidogo na zambarau itafunguka.

Kijani cha jani changa la mgomba: PY74 sehemu 8, PB15:3 sehemu 1 au chini ya hapo. Daima weka njano kwanza, halafu iongezee buluu kwa ncha ya kisu. Ukianza na buluu utamaliza tyubu ya njano ukiifukuzia. Damu ya mzee: PR112 sehemu 6, PR122 sehemu 2, na PB15:3 ncha moja tu.

Rangi zile za kuwaka kama koti la trafiki ziache dukani. Zinapauka haraka kwa mwanga, na hazipauki kwa uzuri kama kanga. Zinaacha uchafu wa kijivu.

Kuhusu kukauka na kuwa nyeusi: gundi ya akriliki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu. Ule umaziwa ukiondoka rangi inashuka. Inaonekana zaidi kwenye rangi nzito zenye nyeupe kidogo. Dawa ni kuchanganya hatua moja nyepesi kuliko unayotaka, na kuwa na kadi ya majaribio: mistari ya rangi iliyokauka, pembeni yake umeandika sehemu ngapi za nini. Changanya ya kutosha kwa eneo zima kwa mara moja. Kuirudia rangi ileile wiki ijayo bila kadi ni kubahatisha. Ihifadhi kwenye kopo la kifuniko, juu ya rangi laza kipande cha nailoni kiiguse kabisa, hewa isipite.

Kiasi: picha tatu za 0.6 kwa 0.8 ni mita za mraba 1.44. Tabaka la milimita 0.1 la rangi mbichi kwa mita moja ya mraba ni ml 100. Kwa matabaka mawili unahitaji kama ml 290. Weka na inayobaki kwenye brashi na sahani, nunua jumla ya ml 450 hadi 500. Nyeupe ichukue ml 200 kati ya hizo, zilizobaki zigawe, PB15:3 tyubu ndogo inatosha na utabaki nayo.

Maji: usiilegeze akriliki kwa maji mengi kama rangi ya maji. Gundi ikizidiwa, rangi inakauka kama vumbi na tabaka linalofuata linaiinua. Ukitaka iwe nyepesi tumia midiamu, yaani gundi ya akriliki isiyotiwa rangi. Na uwe na makopo mawili ya maji, la kuoshea na la kusuuzia. Nusu ya tope ninaloliona kwenye picha za watu limetoka kwenye kopo moja la maji.

---

Fundi_Kabari

Naanza na fremu, kwa sababu kitambaa kinacholegea na tepu inayovuja mara nyingi ni ndugu: sehemu ya chini haikuandaliwa.

Saizi yako ni ya bahati. Fremu ya 60 kwa 80 ikiwa na pembe za mraba, ulalo wake ni sm 100 kamili. Pima kona hadi kona njia zote mbili. Ukipata 100.4 na 99.6, fremu imepinda, irekebishe kabla ya gundi kushika. Mbao iwe kavu, unene kama sm 2 kwa upana wa sm 4 hadi 5, na upande wa mbele ukingo wa ndani ukwanguliwe ili kitambaa kisiguse mbao ila kwenye ukingo wa nje tu. Usipoukwangua, baada ya miezi utaona mstari wa fremu umejichora mbele ya picha.

Kitambaa kikate sm 75 kwa 95. Ukitumia marikani badala ya kanvasi nzito inawezekana, lakini ifue kwanza kwa maji moto na uipige pasi, maana inanywea. Chagua ile nzito.

Kukaza: stepla moja katikati ya upande, moja katikati ya upande unaotazamana nao, kisha pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo nenda kuelekea kwenye kona, sm 5 kati ya stepla na stepla, ukibadilisha pande. Anayeanzia kona anapata mikunjo ya mshazari ambayo haitoki tena. Kaza kiasi cha ngoma iliyolegea kidogo. Jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, ikikauka ndiyo itakayomalizia.

Jeso ni matabaka matatu, la kwanza jepesi lenye maji kiasi, la pili brashi ikivuka mkondo wa la kwanza, la tatu kwa mkondo wa la kwanza. Likauke kabisa kila moja, kisha msasa namba 220 kwa wepesi. Anayetengeneza mwenyewe: akriliki nyeupe sehemu 2, unga wa chaki sehemu 1, gundi nyeupe ya mbao sehemu 1, maji hadi iwe kama mtindi mzito. Chuja kwa chandarua. Nasema unga wa chaki. Chokaa ya kupakia nyumba ni kitu kingine, inaunguza mikono na inaharibu baadhi ya rangi. Na gundi usiizidishe, inaacha ngozi inayoteleza ambayo akriliki haiishiki.

Kikilegea baadaye: geuza picha, nyunyizia maji ya moto kwa mbali nyuma ya kitambaa, ukungu tu, acha ikauke kivulini. Ikishindikana gonga kabari kwenye kona, zote nne kidogokidogo. Kabari moja ukiigonga sana umeharibu ulalo wako wa 100.

Tepu. Rangi inavuja kwa sababu kitambaa kina mabonde na tepu inakaa juu ya vilima. Fuata hivi:

Tabaka la chini likauke usiku mzima. Likiwa halijashika, tepu itang'oka nalo.
Bandika, kisha sugua ukingo kwa kadi ya plastiki. Kidole hakitoshi.
Pitisha brashi ya midiamu angavu kwenye ukingo wa tepu, au rangi ileile iliyo chini yake. Hiyo ndiyo itakayovuja, na ikivuja haionekani. Ikauke.
Sasa paka rangi mpya, tabaka jembamba mara mbili.
Vua tepu wakati rangi ya mwisho bado ina ubichi kidogo, ukiikunja irudi juu ya yenyewe kwa mshazari, taratibu.

Usiiache tepu kwenye joto la Dar siku tatu. Gundi yake inabaki kwenye picha na thina ya kuitolea itaondoka na akriliki yako pia.

Halafu kuna kosa jingine naliona sana: mtu ana hadibodi ya zamani iliyopakwa rangi ya mafuta, anapaka akriliki juu. Itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Rangi ya mafuta juu ya akriliki inakaa, kinyume chake hapana.

---

Ukili_na_Miyaa

Samahani Doti_Mbili, kwenye rangi niko nawe, kwenye pindo hapana. Ukichukua pindo, ukachukua mji, ukapaka rangi za kanga, umepaka kanga. Mtazamaji atasema "aa, kanga," na macho yake yataishia hapo. Masharti ya muuliza swali yalikuwa hakuna mnazi. Pindo likikaa kamili hivyo nalo ni mnazi.

Kwa furaha namshauri aangalie mkeka. Mkeka hausukwi kama kitambaa kizima. Inasukwa ukili, mkanda mrefu mwembamba wenye rangi zake, halafu mikanda inashonwa ubavu kwa ubavu. Angalia mshono: nakshi ya mkanda huu haikutani sawasawa na ya mkanda jirani. Inapishana nusu kidole, mara kidole kizima. Ule mpishano ndio unaofanya mkeka uwe unatembea machoni. Msukaji hakukosea. Ukizilinganisha nakshi zote zikae mstari mmoja, mkeka unakuwa vigae vya bafuni.

Kwa sm 60 za upana gawa mikanda 12 ya sm 5. Kila mkanda uwe na mpigo wake wa vipande, mathalani sm 6 njano, 2 nyeupe, 4 magenta, halafu unarudia. Mkanda wa pili tumia mpigo uleule lakini anza sm 3 chini zaidi. Wa tatu, sm 1 tu. Usifuate hesabu ya kudumu kwenye kuteremsha, maana ukiteremsha sm 3 kila mara zinajipanga ngazi na uhai unaisha. Na mkanda mmoja kati ya 12 uwe wa mpigo tofauti kabisa, wa rangi moja tupu pengine. Jicho linahitaji pa kupumzikia.

Tepu nayo nina neno. Esther Mahlangu, yule mama wa Kindebele wa Afrika Kusini aliyepaka gari la BMW mwaka 1991, anachora mistari yake kwa unyoya wa kuku bila rula. Mistari imenyooka lakini unaona pumzi ndani yake. Kwa picha ya furaha mimi ningeiacha tepu kabisa: chora mwongozo kwa penseli nyepesi, shika brashi bapa ya sm 1, vuta mkono wote kutoka begani badala ya kiwiko, na usirudie mstari ukishapita. Tepu itumie kwenye ule mkanda wa sm 1 wa picha ya hamu, pale ukali wa ukingo una maana.

Halafu acha matundu. Mchoraji Alma Thomas wa Washington, aliyefanyiwa maonyesho ya peke yake kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, mwaka 1972 akiwa na miaka 80, alipaka vipande vifupi vya rangi na kuacha uwanja mweupe uchungulie kati ya kipande na kipande. Sogeza mbali mita tatu utaona rangi inawaka zaidi ya ilivyo, kwa sababu ya ule weupe. Ukijaza kila sehemu, unaizima.

---

Brashi_Namba6

Nashukuruni sana. Matokeo ya majaribio kwenye vipande vidogo vya sm 20: zambarau ya PR122 na PB29 imefunguka kama ilivyosemwa. Tepu yenye midiamu imetoka safi. Mpigo wa ukili unafanya kazi, ila kwenye mikanda ya kijani na magenta bado kuna mtetemo mkali. Na suala la pindo, niende na nani?

---

Doti_Mbili

Mtetemo: hakika kijani na magenta vina mwanga sawa, iangalie kwa simu kwenye nyeusi na nyeupe. Usivitenge kwa mstari hapo kwa sababu tayari una mikanda mingi. Kipandishe kijani kwa njano zaidi, siyo kwa nyeupe. Kikifika rangi ya ndimu kitatulia na magenta itabaki na kiti chake.

Pindo: Ukili ana hoja na nakubali nusu. Usiliweke kamili. Livunje. Libaki pande mbili tu kati ya nne, au lianze kali kushoto na kuzidi kupauka kuelekea kulia mpaka lisionekane ila kwa unene wa rangi. Anayeijua kanga atalimalizia mwenyewe kichwani, asiyeijua ataona ukingo tu. Lakini usilitoe kabisa kwenye picha ya tatu. Bila kizuizi chochote pembeni, maumbo yanaelea, na kitu kinachoelea hakina kwao.

Jina la kanga: herufi zikisomeka, mtu anaacha kutazama anaanza kusoma. Akishasoma amemaliza. Ukilitaka liwepo, lichukulie kama umbo. Kwa mfano WEMA HAUOZI, kata herufi HAUO pekee, zikuze mpaka kila moja iwe na urefu wa sm 25, zikatwe na ukingo wa picha juu au chini. O inakuwa duara lenye tundu, H inakuwa nguzo mbili na daraja. Zipake kwa rangi iliyo hatua moja tu juu ya uwanja wake. Mtu atahisi maandishi kabla ya kuyaona.

---

Fundi_Kabari

Kabla hujatundika. Acha akriliki ikae wiki mbili hivi baada ya tabaka la mwisho, zaidi kama umepaka nene, ndipo upake vanishi. Ukiiharakisha kwenye unyevu wa masika inakuwa na ukungu mweupe ndani. Kwa rangi zako nakushauri nusu mng'ao: ya kung'aa sana inaonyesha taa za ukumbi badala ya picha, na isiyong'aa kabisa itaipausha zambarau yako uliyoihangaikia. Matabaka mawili membamba, picha ikiwa imelala, brashi pana laini, na usirudi mahali ulipokwisha pita.

Bandika vipande vya kizibo au raba vya nusu sm kwenye kona za nyuma ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Ukuta wa pwani unatoa jasho, na kitambaa kinashika kuvu kuanzia nyuma, utaiona mbele ukiwa umechelewa.

Na kwenye kusafirisha: akriliki ikipata joto inalainika na kunata hata ikiwa kavu. Usizifunge uso kwa uso, na usiguse uso kwa nailoni ya mapovu, itaacha vidoti vya duara kwenye uwanja wote. Karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata, kwanza. Kadibodi kwenye kona. Nailoni ya mapovu ije mwisho, mapovu yakitazama nje, na gari lisiachwe juani madirisha yakiwa yamefungwa.